Nauli ya Anayejitolea Hulipwa na Nani?

Kila mwaka Mei ikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa wanafunzi wanaotafuta atachimenti, yaani nafasi za mafunzo ya kazini. Wengine wako Maseno, wengine Bondo, Kakamega, Njoro. Wanasoma sayansi ya mazingira, misitu, uvuvi, jiografia, maendeleo ya jamii. Nimefanya kazi na vikundi vya mazingira hapa Kisumu kwa miaka mingi, kwa hiyo namba yangu imepita mikono mingi. Salamu zao ni za heshima, na karibu kila ujumbe huishia kwa maneno haya: "Niko tayari kufanya kazi popote, madamu, hata bila malipo."

Hayo maneno ya mwisho hunisumbua kuliko kijana mwenyewe anavyodhani. Kazi asiyolipwa na ofisi, kuna mtu nyumbani anayeilipia. Huenda ni kaka anayeendesha boda boda Kondele, huenda ni shangazi aliye Nairobi, na mara nyingi zaidi ni mama. Hesabu yenyewe si ngumu. Anayetoka Ahero kuja mjini anahitaji nauli ya matatu asubuhi na jioni. Akishuka stendi, ofisi nyingi ziko Milimani, basi ama atembee juani ama apande tuktuk. Anahitaji chakula cha mchana. Anahitaji bando, kwa sababu fomu za nyanjani siku hizi hujazwa kwa simu na kutumwa mtandaoni. Chuo kinataka awe na bima ya ajali kabla hajatoka, na mashirika mengine yanadai cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, ambacho nacho hulipiwa. Jumlisha hayo yote kwa miezi mitatu, uone ni nyumba ngapi kwenye uwanda wa Kano zinazoweza kuyabeba bila mtoto mwingine kurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Wakati mmoja tulikuwa na msichana mkimya, hodari sana wa kuchora ramani kwa kompyuta. Hakuwa amemaliza mwezi alipokuja mezani kwangu na kusimama.

"Madamu, naomba niwe nikija Jumatatu na Jumatano peke yake."

"Kuna shida gani, mwanangu?"

"Ziwa limefungwa, madamu. Mama hana omena wa kuuza."

Wasomaji wa pwani na wa bara wasiojua mambo ya ziwa Victoria, niwaeleze. Uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili mosi hadi mwisho wa Julai, ili samaki wapate kuzaana. Atachimenti za vyuo nazo huanza Mei na kwenda hadi Agosti. Sisi watu wa mazingira tunaiunga mkono hiyo sheria ya kufunga ziwa, tena kwa haki kabisa, maana bila kupumzika omena wataisha. Lakini tazama inavyokuwa: katika miezi ile ile tunayomwambia mama asubiri, tunamwita binti yake aje kutufanyia kazi kwa nauli ya mama huyo. Tangu siku hiyo sijaweza kuliangalia suala la kujitolea kama jambo la moyo mwema peke yake.

Kwa yule msichana tulitumia pesa ndogo za ofisi kumlipia nauli na chakula. Kisha tulipokaa kuandika andiko la mradi uliofuata, tukaweka kifungu cha wanagenzi kwenye bajeti: nauli, chakula cha mchana, bando na bima. Sijaona mfadhili aliyekikata kifungu hicho. Wafadhili hukata magari, hukata samani, hukata semina za hotelini. Mtu akiwaonyesha kwamba wanagenzi wawili ndio watakaopima kazi ya mradi mzima shamba kwa shamba, wanaelewa. Kwa hiyo ninapomsikia mkurugenzi akisema "hatuna pesa za wanafunzi," huwa namwuliza kama aliwahi kuziomba.

Kuna jambo jingine linalochoma zaidi, na sharti lisemwe. Mji huu hupokea vijana wa kujitolea kutoka Ulaya na Marekani, na wengi wao huwa wameilipia nafasi hiyo kupitia mawakala wa kwao. Wengi wao ni watu wazuri, wanaofanya kazi kwa bidii. Nimewaona wakiwa kwenye kitalu kimoja na mwanafunzi wetu aliyetembea kwa miguu kutoka Nyalenda bila kunywa chai. Wote wawili wanaitwa watu wa kujitolea. Mmoja akirudi kwao, shirika limebaki na pesa yake. Mwingine akirudi kwake, shirika limebaki na jasho lake, na jioni hiyo anawaza nauli ya kesho. Shirika linalopokea pesa ya yule wa kwanza lina uwezo wa kumlipia nauli huyu wa pili. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, na vijana wetu wanaujua ukweli huo mapema mno.

Anayedhani kulipa kidogo kunaharibu moyo wa kujitolea, amkumbuke Wangari Maathai. Alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akina mama wa vijijini hawakuombwa wapande miti kwa mapenzi ya nchi tu. Walilipwa kiasi kidogo, senti chache, kwa kila mche ulioshika. Hebu tafakari sharti hilo: mche uliopandwa ulikuwa haujampa mtu haki ya kulipwa, mpaka ushike. Kwa sharti hilo moja, mama maskini aliheshimiwa kwa kulipwa, na mti nao ukaheshimiwa kwa kufuatwa mpaka uonekane unaishi. Miti zaidi ya milioni 50 imepandwa chini ya vuguvugu hilo hadi sasa, na mwaka 2004 dunia ilimpa Maathai Tuzo ya Nobel ya Amani. Mashirika yetu mengi yanaijua picha ya Maathai akiwa amepiga magoti na jembe. Utaratibu wake wa malipo wengi hawautaji.

Kufuata mti mpaka ushike ndicho kigezo ninachowapa wanafunzi wanaponiuliza waende shirika gani. Wenzao huwaambia watafute jina kubwa, gari lenye nembo, ofisi yenye hewa baridi. Mimi nawaambia waulize swali moja wakiwa bado kwenye usaili: mwaka jana mlipanda nini, na leo kiko wapi? Ofisi yenye jibu ni shule. Ofisi isiyo na jibu itakufundisha kuvaa fulana ya mradi na kusimama kwenye picha.

Tunaishi kwenye nchi yenye hamu kubwa ya kupanda. Katiba yenyewe, kifungu cha 69, inaitaka serikali ijitahidi ili angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi ifunikwe na miti. Mwaka 2022 serikali ilitangaza lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 tukapewa siku ya mapumziko ili tupande. Nilifurahi siku ile, nawaambia kweli. Niliona watoto wa shule, mapadre, madereva wa matatu, kila mtu na mche wake. Siku inayohitaji vijana wetu zaidi ni ile inayofuata, na nyingine baada ya hiyo, wakati hakuna kamera, udongo umeanza kukauka, na mbuzi wa jirani wamegundua kwamba kuna majani mapya.

Ngoja niwaonyeshe kazi yenyewe, maana wengi huiandika kwenye wasifu wao bila kuijua.

Asubuhi na mapema, kabla jua la Kano halijawa kali, wanagenzi wawili wanaanzia upande mmoja wa shamba na kufuata mstari wa mashimo. Mmoja ana kijiti kirefu chenye alama za sentimita. Mwingine ana simu yenye programu ya Kobo, ambayo hujazwa hata pasipo mtandao. Kila shimo lina majibu manne tu: mche hai, mche dhaifu, mche uliokufa, mche usioonekana. Ulio hai unapimwa urefu, unapigwa picha, na simu inashika mahali ulipo. Hiyo ni kazi ya dakika moja. Elimu iko kwenye ule uliokufa. Hapo mwanagenzi anachutama na kuung'oa polepole. Mizizi ikitoka imejisokota ndani ya karatasi ya plastiki, basi aliyepanda hakuivua ile karatasi, na mche uliishi humo mpaka ukaishiwa pumzi. Gome likiwa limetafunwa pale shina linapogusa udongo, na kuna vijia vya tope kavu vinavyopanda juu, huyo ni mchwa. Ncha zikiwa zimekatwa zote kwa kimo kimoja, ni mbuzi. Shina likiwa limenyauka kuanzia juu na udongo mweusi umepasuka pande zote hadi kidole kinaingia, ni kiu.

Siku moja tulikuwa kwenye shamba la mzee mmoja karibu na mto Nyando, na kwenye mistari yake kulikuwa na mauti mengi. Mwanagenzi wetu, kijana wa watu, akamwuliza kwa adabu kama miti ilikuwa ikimwagiliwa. Mzee akamtazama kwa huruma.

"Nyathina," akamwambia, "mtoto wangu, miti hii mliileta Desemba. Mvua ya masika mnaijua, huja Machi. Nani aliwaambia mlete Desemba?"

Hakuna aliyetuambia. Miche ililetwa Desemba na shirika lililotutangulia pale, kwa sababu mwaka wa bajeti ulikuwa unaisha na pesa zisipotumika zinarudi. Kijana yule aliandika jibu la mzee neno kwa neno kwenye sehemu ya maoni. Ripoti ilipoandikwa, sababu ya vifo haikuwa ukame. Ilikuwa kalenda ya ofisi. Kwa maoni yangu alijifunza siku hiyo kitu ambacho muhula mzima wa darasani usingempa: kwamba mti unaweza kuuawa na karatasi iliyo mbali sana na shamba, na kwamba mtu wa kwanza wa kuulizwa ni yule anayelala karibu na mti.

Ndiyo maana ninavipenda vikundi vidogo. Mashirika makubwa yana nafasi yake, lakini mtu anayeanza atapata mengi zaidi mahali ambapo watu wanne wanafanya kila kazi. Sheria zetu zimeweka vikundi vya aina hiyo kila kona, ila wanafunzi hawavijui. Kuna vyama vya jamii vya misitu, ambavyo vilipata nguvu kwa Sheria ya Misitu ya 2005 na kuendelea kutambuliwa kwa ile ya 2016. Kuna vyama vya watumiaji maji, vilivyopangwa kufuata mito na vijito. Kuna vile vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, kwenye kila ufuo wanapotia nanga wavuvi. Vyote vina kumbukumbu za kuandikwa, ramani za kuchorwa, mikutano ya kuitishwa, mizozo ya kusuluhishwa. Karibu vyote havina mtu wa kuandika ripoti. Mwanafunzi anayejua kuandika ukurasa mmoja ulionyooka atapokewa kama mtoto wa nyumbani.

Chukua Dunga, hapa hapa mjini. Ukiteremka ufuoni alfajiri, mafunjo, tuyaitayo togo, yanasimama kama ukuta kando ya maji, na humo ndani kuna ndege ambaye watu husafiri kutoka mabara mengine kuja kumtafuta. Mgongo wake mweusi, kifua chekundu cha kuwaka, utosi wa manjano. Wataalamu humwita gonoleki wa mafunjo. Kumwona ni bahati, kumsikia ni rahisi: dume na jike huitikiana, mmoja anaanza na mwenzake anamalizia, kwa haraka hivi kwamba unadhani ni sauti moja. Haishi mahali pasipo mafunjo. Mafunjo yakikatwa yote au kuchomwa, naye ametoweka. Vijana wa Dunga wanaotembeza wageni kwa mashua wamejifunza ndege hao kwa masikio, mmoja baada ya mwingine, wakifundishwa na waliowatangulia kwa ushirikiano na Nature Kenya, chama ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1909. Baadhi yao hawakufika chuo. Ukimweka mhitimu wa shahada kwenye mashua yao asubuhi moja, atajua yeye ndiye mwanafunzi.

Mafunjo hayo pia hufanya kazi nyingine isiyoonekana. Huchuja matope na mbolea zinazoletwa na mito kabla hazijaingia ziwani. Hapo ndipo ninapokosana na baadhi ya wenzangu kuhusu gugumaji. Kila mara likitanda kwenye ghuba yetu, ofisi fulani huitisha vijana wa kujitolea, wanavaa glavu, wanaling'oa kwa mikono tangu asubuhi, picha zinapigwa. Gugu hilo likipata joto na chakula cha kutosha linaweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Tangu lifike kwetu karibu na mwaka 1990, limeshambuliwa kwa mashine, na pia kwa wadudu maalumu walioachiliwa ziwani mwaka 1997, na walisaidia kweli. Chakula chake hata hivyo bado kinaingia: maji taka ya mji na mbolea za mashamba. Kijana akinijia na nafasi mbili, moja ya kung'oa gugumaji na nyingine ya kuchota maji ya mto Kisat au Auji kila wiki na kuyapima, namwambia aende mtoni. Kuling'oa kuna faida yake kwa mvuvi ambaye mashua yake imekwama asubuhi hiyo. Anayetaka kuijenga taaluma anahitaji kujua linatoka wapi, na kuwa na takwimu alizokusanya kwa mkono wake.

Kakamega kuna kikundi cha KEEP, kilichoanzishwa na wenyeji katikati ya miaka ya 1990 pale Isecheno. Kina kitalu, kinafuga vipepeo, kinafundisha watoto wa shule zinazouzunguka msitu. Msitu wenyewe ni kipande cha mwisho nchini cha ile misitu mikubwa ya mvua inayoanzia Kongo. Anayependa kufundisha asiwaze mara mbili. Siaya na Busia kuna kinamasi cha Yala, kikubwa kuliko vyote vya maji baridi nchini, chenye nzohe, swala wa kinamasi, wanaojificha kwenye mafunjo, na ndani yake ziwa Kanyaboli, ambako samaki aina ya ngege wa asili wamebaki baada ya kutoweka kwenye ziwa kubwa. Kwa miaka mingi watu wa Yala wamebishana na wawekezaji na serikali kuhusu ardhi ile. Anayetaka kujifunza sheria ya ardhi na namna jamii inavyojadiliana na wenye nguvu, aende huko akakae, asikilize.

Na kwa walio Nakuru, kila Januari ndege wa majini huhesabiwa kwenye ziwa Nakuru na maziwa mengine ya Bonde la Ufa, desturi iliyodumu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanaojitolea hupangwa kwa makundi, kila kundi na kipande chake cha ufuo, na asiyejua ndege huanza kama mwandishi: anayetazama kwa darubini anatamka, yeye anaandika. Ni kazi nzuri sana ya kuanzia. Utasikia jina, utainua macho, utaliona umbo lake, utaandika, na baada ya saa tatu mkono wako umefundisha macho yako. Flamingo hawahesabiwi mmoja mmoja wakiwa maelfu. Unahesabu kumi, unazoea upana wa kumi, kisha mia, halafu unaipima ile mia juu ya kundi lote. Utajifunza pia kwa nini mwaka mmoja ni wengi na mwingine wachache: tangu ziwa lilipoanza kupanda mwaka 2010 au karibu na hapo, hadi lango kuu la zamani la hifadhi likamezwa, maji yalipungua chumvi, mwani wanaoula ukapungua, nao wakahamia Bogoria na kwingineko. Nakuru pia kuna hosteli ya Wildlife Clubs of Kenya ndani ya hifadhi. Vilabu hivyo vilianzishwa mwaka 1968, na watu wengi wanaoongoza uhifadhi nchini leo walianzia humo wakiwa na kaptura za shule.

Sasa tuje kwenye ajira, kwa sababu mtu hawezi kujitolea milele, na asiombwe afanye hivyo.

Kazi zipo, ila mara nyingi hazina majina ambayo wanafunzi wanayatazamia. Watu wangu wananiambia wanataka kuwa maafisa wa uhifadhi. Ukifungua orodha ya wafanyakazi wa shirika la kawaida la mazingira, utakuta mhasibu, mtu wa ununuzi, dereva, mtu wa ufuatiliaji na tathmini, mhamasishaji wa jamii, mtu wa mawasiliano, na labda maafisa wawili wa miti. Mhasibu anayeelewa kitalu hutafutwa kwa taa. One Acre Fund, iliyoanzia Bungoma mwaka 2006 kwa kuwakopesha wakulima wadogo pembejeo, imeajiri vijana wengi sana wa magharibi kama maafisa wa nyanjani, na miti ni sehemu ya kazi yake. Vi Agroforestry ilianza West Pokot mwaka 1983 na imefika huku kwetu kwenye mashamba ya wakulima. Kwa wenye shahada zinazofaa kuna pia njia ya leseni: NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, husajili wataalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira, na leseni hiyo ni yako: mradi unapofungwa unaondoka nayo, huondoki mikono mitupu.

Miradi hufungwa. Hili nalisema kwa sauti kubwa kwa sababu nimeona machozi. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu ninaowajua mjini hapa waliamka asubuhi wakiwa na kazi na jioni wakawa wameambiwa wasije kesho. Wengi walikuwa kwenye miradi ya afya, lakini wimbi lilifika hadi kwenye maji na kilimo. Mikataba ya mashirika ni ya mwaka mmoja, miwili, mara chache mitatu. Wale waliosimama haraka walikuwa na ujuzi unaohama: kuchora ramani, kuchambua takwimu, kuandika andiko la mradi likapata pesa, kuongea na baraza la wazee kwa Kijaluo, Kiluhya au Kikalenjin likasikilizwa. Hilo la mwisho halina cheti, na ni adimu kuliko yote. Nimewaona wasomi wenye shahada mbili wakishindwa kumaliza kikao cha nusu saa chini ya mwembe kwa sababu walianza na takwimu kabla ya kuwapa wazee mkono.

Jihadharini na matapeli, kwa sababu wanawajua wanyonge. Shirika la kweli halikuombi ada ya fomu, ya usaili, wala ya "kulinda nafasi." Mashirika huandikishwa chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ile ya 2013 iliyoanza kutumika Mei 14, 2024, na vikundi vya vijijini vina vyeti vyao kutoka idara ya maendeleo ya jamii. Ni haki yako kuuliza cheti. Ofisi itakayokasirika kwa kuulizwa imeshajibu.

Barua ya maombi iwe fupi. Taja kazi moja ya kikundi hicho unayoijua, uliyokwenda kuiona kwa macho yako. Sema unachoweza kufanya kuanzia Jumatatu ya kwanza. Sema waziwazi unakaa wapi na kwamba utahitaji nauli. Vijana huogopa sentensi hiyo, wanadhani itawanyima nafasi. Kwangu mimi ndiyo inayonionyesha kwamba mtu huyu amekaa akapiga hesabu, na hesabu ndiyo kazi yetu ya kila siku. Wasichana hasa msiifiche, kwa sababu asiye na nauli jioni ndiye anayepewa lifti na mtu asiyemjua.

Nanyi wenzangu mlio ofisini, mwanagenzi anapomaliza, msimpe ile barua ya mistari minne inayosema alikuwa "mchapakazi na mwenye nidhamu." Haimfikishi popote. Andikeni alichofanya: alipima miche kwenye mashamba haya, alichora ramani ya kijito hiki, aliongoza kikao cha akina mama kwa lugha yao, ripoti yake ilibadilisha tarehe yetu ya kupanda. Iandikeni akiwa bado yupo, aisome, arekebishe mlipokosea. Wekeni sahihi ya mtu aliyefanya naye kazi na namba ya simu ambayo mwajiri wa Eldoret au Nairobi akiipiga, itapokelewa.